Maestro Aliyekariri Ubao wa Macho

Kwanza niseme kwamba anaona. Nimeamua kuanza hapo kwa sababu kila ninayemsimulia habari hizi pale sokoni Kamembe hunikamata mkono kabla sijafika hata robo na kusema, "Ngoja kwanza. Maestro anaona ao haone?" Anaona. Na figo zake zingali zinafanya kazi zenyewe, bila mashine. Basi mtu anashusha pumzi, anavuta kikombe chake cha chai, halafu baada ya dakika moja, kama ana akili, ananiangalia kwa pembe ya jicho: "Uko na hakika, Sekretere? Hakukariri?"

Ni swali la haki. Huyu ni mtu aliyepita mtihani wa macho mara tatu bila kuona, mimi nikiwa nimekaa karibu naye nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake. Wengi wetu hapa Rusizi tulilelewa ng'ambo ile ya Kongo, upande wa Bukavu, tukarudi tukiwa tumeshaota ndevu, na ukianza kumuuliza mtu wa hapa ametoka wapi, utamaliza juma zima ukimsikiliza. Jina lake pia halina kazi. Tulimwita Maestro, na nadhani hata kadi yake ya hospitali iliandikwa hivyo. Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu kwa muda mrefu kuliko paa la kanisa, maana paa limebadilishwa mara mbili na yeye amebaki yule yule, amesimama chini yake.

Kichwani alikuwa na nyimbo elfu tatu, bila kuhesabu za mazishi. Najua utasema nimezidisha. Haya, toa elfu moja, zinabaki mbili, na bado hujakutana na mtu wa namna hiyo. Kila wimbo aliujua kwa sauti zote nne, na makosa ya kila mtu aliyeuimba. Siku moja alimsimamisha mzee wa sauti ya tatu katikati ya soko, mbele ya wajukuu zake, akamwambia, "Ile Pasaka ya mvua, mustari wa pili, ulikosa fa." Mzee wa watu alikuwa amebeba kabichi. Aliomba msamaha.

Na kila alipotoa kitu kichwani, mkono wake wa kulia ulipiga mapigo: chini, kushoto, kulia, juu. Hakuwa na habari nao. Alipotaja vitu mkewe alivyomtuma sokoni, mkono ulipiga: chumvi chini, sabuni kushoto, maharage kulia, kiberiti juu. Alipotaja vitabu vya Biblia kuanzia Mwanzo, ulipiga mpaka Ufunuo. Lakini alipokuwa anasoma kitu ambacho hakukijua, barua ya mtaa tuseme, mkono ulitulia juu ya goti kama paka aliyeshiba. Nilikuwa nimeona jambo hilo miaka mingi na sikulipa maana yoyote. Wewe lipe.

Mimi ni besi. Maestro ndiye aliyenipeleka shule ya jioni, na sababu zake hazikuwa za kunisifu. "Sauti yako ni ya simba," aliniambia mbele ya kwaya nzima, "lakini mwandiko wako, batu bataita polisi." Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nauza vipuri vya pikipiki karibu na gare ya mabasi, na nilikuwa naandika kama kuku anayetafuta mchwa. Nikaenda. Nilimaliza sekondari nikiwa na mvi, nikapata cheti, nikakitia kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi yangu. Siku nilipokileta kwenye mazoezi, Maestro alikishika, akakigeuza, akakiinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho hapo. Nilifikiri anazuia machozi. Kisha akasema, "Sasa weye njo sekretere. Utaandika nyimbo zote mu kaye. Andika kubwa."

Andika kubwa. Hilo likawa neno lake kwangu. Mwaka wa kwanza wimbo mmoja ulikaa kwenye ukurasa mmoja wa kaye, yaani daftari. Baadaye kurasa mbili. Halafu nne. Mwishoni wimbo wenye beti tano ulikuwa unakula kaye nzima, do na re zimesimama kama nguzo za umeme, na Maman Soprano, mwanamke mwenye sauti ya kupasua glasi na ulimi wa kupasua sahani, akaniuliza kama nawaandikia watu walio ndani ya ndege.

"Maestro njo anataka," nikasema.

"Maestro anataka, ao Maestro haone?"

Kwaya yote ikacheka, na Maestro akacheka kuliko wote. Akagonga chuma chake cha kutolea sauti, chenye meno mawili kama uma, kwenye mfupa wa goti, akakiweka sikioni, akatupa noti ya la, na hapo mambo yakaishia. Ndivyo alivyokuwa: ukimsogelea na swali, anakupa wimbo.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, na kila mtu alijua. Alikunywa chai bila sukari na kuitangaza chai hiyo kama mtu aliyefunga siku arobaini. "Hakuna sukari humu, hata moja!" Kisha alikula mikate mitatu, na baada ya mikate ndizi za kuiva, kwa sababu ndizi, alisema, ni tunda, na tunda Mungu alilitengeneza mwenyewe. Alituchapa kwa maneno tukichelewa dakika mbili kwenye mazoezi, na vidonge vyake vya asubuhi alivinywa jioni, au kesho yake. Viatu vyake vya Pasaka vilipoanza kumbana alilaumu viatu. Maman alipomwambia kwamba miguu ndiyo imevimba, na kwamba mkojo wake una povu kama bia iliyomiminwa na mtu asiyejua, alijibu kwamba mtu mwenye heshima haangalii povu la mwenzake.

Huyo Maman, si yule wa soprano, nimtambulishe vizuri. Ni mke wake, mwanamke mfupi, mpole, ambaye hakuimba kabisa. Maestro alisema Mungu amempa mke asiyeimba ili nyumbani apumzike. Walikuja kanisani kwa miguu kila Jumapili, na katika miaka hii ya karibuni Maestro alianza kutembea amemwekea mkono begani. Kamembe nzima ilipendezwa. Mzee wa umri ule, mchana kweupe, barabarani, mkono begani mwa mkewe! Wanawake wa kwaya wakawageukia waume zao. Mke wangu aliniambia, "Angalia mwenzako. Weye unatembea mbele yangu sawa muntu anakimbia deni." Nikaanza kumwekea mke wangu mkono begani. Wanaume wengine wakafuata. Kulikuwa na Jumapili moja, naapa, ile barabara ya kuteremka kanisani ilijaa watu wameshikana mabega kama wamebeba jeneza.

Mtu mmoja tu alijua kwamba Maestro haoni mtaro. Huyo alikuwa mwenye bega.

Mimi nilipewa dalili zote, moja moja, mkononi, na nikazipokea kama mjinga mwenye cheti. Siku moja alinirudishia kaye amekasirika. "Sekretere, wino yako ni mubaya."

"Mubaya namna gani, Maestro?"

"Inatembea. Kuko madoa mu mustari wa kwanza. Niko naangalia mustari wa pili, yameshafika pale."

Nikanunua kalamu nyingine. Madoa yakatembea. Nikanunua ya tatu, ya bei mbaya, nikaandika wimbo kwenye karatasi nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda. Akasema sasa wino umeota miguu, unafanana na buibui, na kwamba shule ya jioni imenifundisha kila kitu isipokuwa usafi. Kumbe madoa hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa ndani ya jicho lake, damu kidogo kidogo inayodondoka, na mimi nabadilisha kalamu.

Kisha akaamua kununua miwani. Tulivuka pamoja ng'ambo, kwa mtu anayetandaza miwani juu ya turubai karibu na daraja, mamia ya jozi zinameremeta kama sambaza, wale dagaa wa ziwani. Maestro alichuchumaa, akavaa ya kwanza, akatoa mfukoni karatasi ya kujaribia, akasoma kwa sauti ya kanisani, bila kukwama, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. "Hii ni muzuri." Akavaa ya pili, akasoma, nayo nzuri. Ya tatu, ya nne, ya kike yenye vipepeo pembeni: zote nzuri sana, zote aliona vizuri kabisa. Muuzaji alichanganyikiwa, akasema hajawahi kumpata mteja ambaye macho yake yanakubali kila kioo.

Nikachungulia ile karatasi. Ulikuwa wimbo alioutunga mwenyewe.

Na mkono wake wa kulia, pale chini kwenye vumbi, ulikuwa unapiga mapigo.

Nilicheka. Naandika neno hilo kwa aibu. Nilicheka, nikamwambia, "Maestro, jaribu na kitu usichokijua," naye akasema, "Miye hakuna kitu sijue," na tukarudi Kamembe na ile ya vipepeo.

Sasa nifike kwenye ubao. Kituo chetu cha afya sikitaji, kwa sababu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Kulikuwa na siku ya watu wa sukari, na siku hiyo, pamoja na kupimwa damu na uzito, kila mtu aliitwa asimame kwenye alama iliyochorwa sakafuni na kuangalia ubao wa macho. Haukuwa wa herufi mbalimbali. Ulikuwa na herufi moja tu, ile E, imegeuzwa huku na kule, kubwa juu na ndogo chini. Nesi anaigusa kwa fimbo, na wewe unaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi: juu, chini, kushoto, kulia. Mtu yeyote anaweza, hata asiyesoma.

Nilikuwa nimemsindikiza. Mbele yetu kwenye benchi kulikuwa na watu kama kumi na wawili, na kila mmoja aliposimama pale alisema kwa sauti, maana nesi alikuwa mkali kuhusu sauti: "Chini. Kushoto. Kulia. Juu. Chini. Chini. Kulia..." Mtu wa nne alipomaliza nikamwona Maestro amefumba macho. Wa tano, mkono wake ukaanza. Wa sita, akaniegemea sikioni, na nilisikia katika sauti yake furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Sekretere! Ule si ubao. Ni mapigo ya ine!"

Na kweli. Mstari wa kwanza na wa pili ulikuwa mwendo wake wa kila siku wa mapigo manne, wa tatu ulikuwa na ubishi kidogo katikati, wa nne unarudi nyumbani. Alipoitwa jina alisimama, akajifunika jicho la kushoto kama alivyoelekezwa, akainua mkono wa kulia, akaongoza ubao wote kuanzia herufi kubwa mpaka zile ndogo kama sisimizi. Nesi alipomwambia abadili jicho, akarudia kama kiitikio. Nesi akaweka fimbo chini.

"Muzehe! Macho haya ni ya kijana wa miaka ishirini!"

"Ni neema," akasema Maestro.

Mimi nilikuwa nimekunja shati mdomoni ili nisicheke kwa sauti. Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Niliujua mkono ule, nilijua hakuona hata fimbo, na niliona ni kichekesho kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutokea wilayani. Nikakisimulia kwenye kwaya, nikakisimulia gare, nikakisimulia mpakani kwa watu wasiomjua. Akaenda tena mara ya pili, akafaulu. Mara ya tatu, akafaulu kwa haraka zaidi, kwa sababu alikuwa ameuongezea mwendo.

Kwa nini alifanya hivyo? Niliwahi kufikiri ni majivuno, na majivuno yalikuwepo, sikudanganyi. Lakini kabla yake kulikuwa na mwalimu mwingine wa kwaya, ambaye macho yalimwisha. Kanisa lilimpa kiti kizuri chenye mto, nyuma kabisa, karibu na mlango. Likampigia makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena wimbo gani uimbwe. Maestro alikuwa sauti ya pili wakati huo, na aliona kiti kile kila Jumapili mpaka kilipobaki kitupu. Hakuogopa giza, Maestro. Aliogopa kiti.

Kiti kikamfuata hata hivyo, tena si kimoja. Ilikuwa kwenye harusi, ukumbi wa watu. Sisi tulipangwa upande wa kushoto wa jukwaa. Dakika ya mwisho, Maestro akiwa bado mlangoni, mwenye sherehe akatuhamishia kulia, na upande wa kushoto wakapanga viti vya plastiki vyeupe, vimebebana, safu nne, virefu kama watu. Na sisi siku ile tulivaa mashati meupe. Maestro akapanda, akagonga goti, akatoa la, akageukia viti, akaviangalia kwa ukali, akainua mikono.

Alivipa ishara ya kuanza. Alivitazama viti vya nyuma akaviambia kwa kidole viteremshe sauti. Ukumbi ulikuwa kimya kama maji ya ndoo. Nilitaka dunia ipasuke. Maman Soprano, Mungu ampe miaka mia mbili, ndiye aliyeanza kuimba, peke yake, kwa nguvu, sisi tukamdaka, na Maestro, mwili wake bado umevielekea viti, akaganda. Kisha akageuka taratibu kuelekea sauti zetu, na nikauona uso wake.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kwa sikio alitupata wote, akatuongoza mpaka mwisho, na wageni wakasema ni mtindo mpya. Lakini nyuma ya ukumbi, tulipokuwa tunakunja mashati, alinishika mkono akasema polepole, "Sekretere, jicho la kuume, pazia lilianguka tangu juzi. Usimwambie Maman."

Nilimwambia Maman kabla hata sijamaliza kufunga kifungo.

Maman hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho tutaenda. Na weye utakuja, sababu miye peke yangu atanishinda kwa wimbo."

Daktari wa hospitali tuliyopelekwa alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye subira ya mtu anayeshona shanga. Alianza na mkojo na damu. Akasoma karatasi, akasema figo zimeanza kuvujisha protini, ndiyo sababu ya povu na miguu. Akauliza macho. Maestro akajinyoosha. "Macho nimepima mara tatu. Banasema ni ya kijana." Akatoa kadi, na kweli, imeandikwa vizuri, mara tatu.

Daktari aliangalia kadi, akamwangalia Maestro, akaangalia lile bega la Maman ambalo mkono ulikuwa bado umelikalia. Ukutani kulikuwa na ubao kama ule ule. Akaenda, akauondoa kwenye msumari, akaugeuza juu chini, akautundika. Alifanya hivyo bila kusema neno. Mimi na Maman tulimwona. Herufi kubwa sasa ilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu.

"Mzee, tafadhali. Niambie."

Maestro akasimama. Akafunika jicho. Akainua mkono. Na akaongoza ubao wote, chini, kushoto, kulia, juu, ule mstari wa ubishi, ule wa kurudi nyumbani, kila pigo mahali pake, kwa uzuri ambao sijawahi kuuona hata Krismasi. Hakuna hata moja iliyokuwa sahihi. Alipomaliza aliteremsha mkono na kusubiri sifa.

Maman alikuwa analia bila sauti. Maestro alisikiliza ukimya ule, na sikio lake lile, lililokuwa likisikia fa iliyokosewa miaka kumi nyuma, likaelewa.

"Umeugeuza," akasema.

"Nimeugeuza, Mzee."

Akakaa. Alionekana mdogo. "Basi nipe kiti yangu," akasema, "nijue iko wapi."

"Kiti gani?" akauliza daktari.

"Anaogopa kiti!" Maman akapaza sauti, mara ya pekee niliyowahi kumsikia. "Miaka yote hii, ni kiti tu!"

Daktari hakuelewa habari ya kiti, na hakuwa na haja. Alivuta stuli yake mpaka magoti yao yakakaribiana, akamweleza mambo ambayo nimeyashika mpaka leo kama somo la shule. Alisema kwenye figo kuna mishipa myembamba kuliko uzi, na nyuma ya jicho kuna mishipa mingine ya namna ile ile. Sukari inayoharibu ile ya figo huwa haiiachi ile ya jicho. "Mimi nikikuta protini kwenye mkojo wa mtu wa sukari, simuulizi kama anaona," alisema. "Naangalia mwenyewe. Hata kama ungesoma ubao kwa haki, Mzee, hata kama ungeona kila herufi, ningekutilia dawa na kuchungulia nyuma. Kuna watu wanasoma ubao wote na jicho linavuja."

Si kosa lote lilikuwa la ubao, basi. Lakini langu lilibaki langu.

Akamtilia matone, mboni zikapanuka kama za bundi, akachungulia kwa taa kwa muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limejaa damu. La kushoto lilikuwa limevimba nyuma na mishipa mibovu inaanza kuota, lakini lilikuwa bado linaokoleka, akasema, kama tutakwenda Kigali juma lile lile, si mwezi ujao, si baada ya Pasaka.

Tukaenda, sisi watatu, basi likizunguka msitu wa Nyungwe kona baada ya kona, na Maestro amekaa kati yetu bila kuimba. Kilichomtisha zaidi ni sindano. "Mu jicho?" aliniuliza tangu Kamembe mpaka msitu unaisha. "Sekretere, walisema mu jicho, ao ulisikia vibaya?"

"Mu jicho, Maestro."

"Miye nilijua sindano ni ya ku matako. Tangu lini ilipanda?"

Abiria wa mbele waligeuka wote. Maman akacheka, na nilipomwona Maman akicheka nikajua tutafika.

Walimpiga mwanga wa laser na wakamdunga sindano, mara moja, na tena baada ya wiki kadhaa, na tena. Daktari wa kule alimwambia jambo moja tu: asitikisike. Sasa, Maestro alikuwa na somo alilotufundisha mpaka likatuchosha, kwamba pumziko lililoandikwa kwenye wimbo si mahali pa kukohoa. "Kimya nayo inaimbwa," alikuwa anatufokea. Alituambia baadaye kwamba kwenye ile mashine aliliimba pumziko refu kuliko yote aliyowahi kuandika, na hakukosa hata pigo moja. Nililisikia hilo mara nyingi mno. Kila aliposimulia liliongezeka urefu. Aliambukizwa na mimi ugonjwa wa kuzidisha, nadhani.

Alipewa vidonge vya presha ambavyo pia vinalinda figo, chumvi ikapunguzwa, na mikate mitatu ikawa mmoja. Ndizi alizitetea kwa muda mrefu, akashindwa. Maman alimpa dawa kwa saa, akimhesabia kama yeye alivyotuhesabia sisi.

Kisha wakahama. Binti yao ameolewa Muganza, kule tambarare, kwenye kiwanda cha simenti, akawachukua. Kwaya ikawalilia. Habari zikawa zinapanda mlima kidogo kidogo: anaona, anaona vizuri, ameanza kwaya ya wafanyakazi wa simenti. Na kila aliyeleta habari nilimuuliza swali lile lile unaloniuliza wewe. Hakukariri? Umemwonyesha kitu asichokijua? Hakuna aliyekuwa na jibu. Wote walisema aliwaimbia.

Kwa hiyo juzi nilishuka mwenyewe.

Nilikaa mezani kwangu asubuhi nzima nikiandika kikaratasi. Niliandika kwa herufi ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika, ndogo kama punje za mchele wa Bugarama, mistari imebanana. Nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa shati, nikapanda gari la kuteremka.

Nilimkuta uani, mchana, malori yanapita barabarani na vumbi lao jeupe. Alikuwa ameketi kwenye kiti. Mbele ya kiti hicho benchi tatu za vijana na wazee waliotoka zamu, weupe kope mpaka vidole, wakimsubiri. Kiti, lakini mbele.

"Sekretere," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umenenepa."

Hilo lingeweza kuwa sikio, hatua zangu ni nzito. Mazoezi yakaisha, watu wakaenda kuoga, Maman akaja na sinia la mchele akakaa karibu yetu kuchagua mawe. Nikatoa karatasi.

"Nimekuletea kitu cha kusoma."

"Wimbo?"

"Soma tu."

Alikipokea. Akavaa miwani, mipya, isiyo na vipepeo. Akakisogeza upande wa jicho la kushoto, akakirudisha kidogo, akakisogeza tena. Jicho la kulia linaona mkono na rangi, hilo Maman alikuwa ameshaniambia. Kazi yote iko kwa la kushoto. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, akikanyaga kila neno kabla ya kwenda kwa linalofuata:

"Maestro. Mimi... niliyecheka kwenye benchi... sikucheka vizuri. Niliujua mkono wako. Nilijua huoni, na nikakifanya... kichekesho. Ulinipeleka shule nijue kusoma, na nilisoma kila kitu isipokuwa wewe. Nisamehe. Mwandiko huu ni mdogo kwa makusudi, na maneno haya... hayana wimbo."

Maman alikuwa ameacha kuchagua mchele.

Mimi sikuwa namwangalia usoni. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa juu ya goti, umetulia kama paka aliyeshiba, na haukuwa umepiga hata pigo moja tangu neno la kwanza mpaka la mwisho.

Nilihesabu mapigo manne ya kimya, na yote aliyaimba. Kisha akakikunja kikaratasi, akakitia mfukoni mwake, upande wa kile chuma cha kutolea sauti.

"Miye njo nilidanganya," akasema. "Weye ulicheka tu."

"Nilicheka sana, Maestro."

"Ee. Nilikusikia." Akaondoa miwani, akaifuta vumbi la simenti kwa pindo la shati, akaivaa tena, akageuka kuniangalia, hasa kuniangalia. "Nataka nyimbo za Pasaka za hawa batu ba simenti. Utaniandikia?"

"Nitakuandikia. Kaye ngapi?"

"Moja," akasema. "Andika ndogo."